Moris Isiyokunywa Petroli

Jumatano, 5 Agosti 1981

Mdomo umeniponza! Leo wakwe wamekuja kupanga harusi ya mdogo wangu Hajira. Jumapili ya tarehe 30, alasiri. Siku nyingine bwana harusi yuko zamu. Baba yake, Mzee Mbaruku, akauliza bibi harusi atafikaje kwao Manundu, maana Jumapili ikipiga saa nane magari ni marufuku, petroli inabanwa. Akasema si neno, atapakiwa kwenye baiskeli. Dada yangu, kwenye keria! Nikajikuta nasema atakuja kwa gari, na halitakunywa hata tone la petroli. Wakacheka kwa adabu.

Basi sasa lazima iwe kweli. Gari la marehemu baba, Moris, liko uani tangu injini ipasuke, kuku wanatagia ndani. Nina mota ya umeme ya foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, niliyoipata kwenye vyuma chakavu, Tanga. Mimi ni fundi umeme wa kiwanda cha mkonge, si mchawi — lakini siku ishirini na tano ninazo.

Jumatatu, 10 Agosti

Simeo wa gereji amekuja na spana zake. Mshambaa huyu anasema sisi Wazigua tunaweza kuongea mpaka jiwe litembee, ila gari hapana. Mota imefungwa! Betri nane za lori: nne penye injini, mbili kiti cha mbele, mbili kwenye buti. Nikakanyaga. Likaondoka — kinyumenyume! Banda la kuku chali. Tulikuwa tumepishanisha nyaya. Simeo alicheka mpaka akakaa chini. Jogoo mmoja kavunjika mguu. Tumemchinja, tumemla na ugali. Kazi inaendelea.

Alhamisi, 20 Agosti

Balaa. Juzi gari lilikwenda sokoni na kurudi, watu wakitoka madukani kuangalia. Leo halifiki hata kwenye mlango wa ua. Betri mbili zimekufa, nyingine hoi. Simeo akauliza tunazitia maji gani. Nikamwambia maji ya mvua, ya pipani, mimi mwenyewe najaza chupa. Akachovya kidole kwenye chupa ya akiba, akaonja. Akatema. Chumvi! Maji ya kisima.

Siku kumi zimebaki.

Ijumaa, 21 Agosti

Mkosaji ni Bibi Fatu, mama mzaa baba. Wala hakukana. Kila nikijaza chupa, yeye anayarudisha maji pipani, anatia ya kisima. Kakulia Mkata. Anasema mwaka wa ukame walichimba mchanga wa mto kutwa nzima kupata kata moja ya maji. "Maji ya mvua wanywe watu, mume wangu. Chuma hakina kiu."

Nilikuwa na hasira. Nikatoka nje, nikarudi. Ningemwambia nini? Maji ya pipa lile ndiyo yaliyonikuza. Nikamweleza taratibu: betri ikinywa chumvi inakufa, na ikifa Hajira atapanda keria. Hajira akatoka jikoni na unga mikononi, akasema kaka usijali, baiskeli nayo ina kengele. Alikuwa anacheka. Nimeumia zaidi.

Jumanne, 25 Agosti

Betri sita zimepona! Simeo alimwaga kila kitu, akaziosha kwa maji ya mvua, akatia tindikali mpya. Zile mbili basi tena. Kwa sita gari linakwenda, ila polepole — leo mama mmoja mwenye kuni kichwani ametupita, akatupa pole. Simeo anasema harusi haina haraka.

Bibi haongei nami. Pipa amelifunika, na juu ya kifuniko ameweka kinu.

Jumapili, 30 Agosti — ndani ya gari

Naandika juu ya usukani. Saa tisa na robo. Saa kumi tunasubiriwa.

Tumetoka nyumbani kwa vigelegele, Hajira kiti cha nyuma kajifunika kanga mpya, Bibi Fatu kando yake na dumu miguuni. Kabla ya kupanda alilifungua nione. Maji ya mvua, dumu zima! Bibi huyu hata mgeni humpimia kwa kikombe. "Ya mgonjwa wako, akishikwa na kiu njiani," akasema.

Tumefika nusu ya safari, koplo wa polisi kanyoosha mkono. Marufuku ya Jumapili! Nikamwambia afande, hili halina petroli. Akafungua boneti, akauliza injini nimeificha wapi. Bibi akamjibu dirishani: "Waulize kuku, mwanangu." Koplo hakucheka. Kachukua baiskeli, kaenda kumwita mkuu wake.

Wanarudi. Mkuu kapakiwa kwenye keria!

Kalizunguka gari mara mbili. Sasa kapiga magoti nyuma, anatafuta bomba la moshi. Hajira anacheka ndani ya kanga mpaka kiti kinatikisika. Mkuu kainuka. Anapangusa suruali. Kafungua mlango wa nyuma — anamwambia Bibi shikamoo, naomba usogee kidogo.

Kituo cha polisi kiko Manundu. Harusi iko Manundu. Sijui ananipeleka wapi, ila barabara ni moja, na Bibi anasogea, dumu kalipakata —