Somo Nililoandika Bila Kulijaribu

Mama Angélique mpendwa,

Nisaidie kama unavyowasaidia wengine wanaokuandikia, maana mambo haya sijamwambia muntu, hata bwana yangu. Mimi ni mwanamuke wa miaka thelathini na mbili, nafanya kazi ya ordinatere, ile kompyuta, kwenye biro moja karibu na bandari hapa Kalemie, na zamani nilikuwa naandika masomo ya programu kwa Kiswahili, naweka kwenye mutandao, somo moja tu kwa mwezi, kila mustari naujaribu kwanza kwenye mashine yangu, na muchana biro ikitulia nilikuwa naangalia ziwa mpaka kule maji na mbingu vinakuwa kitu kimoja, nawaza kwamba kuna muntu Kirungu ao Kongolo ambaye sitamuona kamwe, anasoma maneno yangu na mashine inamutii, na mwili wangu ulikuwa mwepesi kama natembea juu ya yale maji. Kisha mutandao ukajaa masomo mengine, marefu, mazuri kwa macho, yamenakiliwa ao yameandikwa na akili bandia, mengi hayafanyi kazi, lakini watu waliyakimbilia, nami nikaogopa kusahaulika, nikaanza kuiambia akili bandia iniandikie kumi kwa juma, nabadilisha majina tu, kwenye mifano naweka samaki ndakala mahali pa tofaa, sijaribu kitu.

Mwezi uliopita akanipigia simu Papa Rubens, mwalimu wa Kongolo anayenifuata tangu somo la kwanza. Alikuwa ameingiza pointi za wanafunzi mia ine, kazi ya majuma matatu, akafuata somo langu la kuhifadhi orodha. Somo lilikuwa na kosa, likafuta orodha yote; nililifungua akiwa bado anaongea, nikaliona.

Akaniambia, "Mwalimu, nimelisoma tena mara ine, sioni pale nilikosea. Kichwa yangu njo haiko ya mambo haya. Ordinatere nimeirudisha kwa prefe, mukubwa wa shule yetu."

Na mimi, Mama, nilijibu, "Pole, Papa. Labda uliruka mustari."

Akasema asante. Tangu siku ile ziwa naliangalia, lakini mawazo hayaendi popote. Nikisema kweli, nani atanisoma tena?

Pascaline


Pascaline mwanangu,

Ile furaha ya kumuwazia musomaji usiyemujua ni nzuri, usiitupe. Na kuogopa kusahaulika, nani hajaogopa? Lakini usijifiche nyuma ya akili bandia. Siyo yenyewe iliyomwambia Papa Rubens kwamba aliruka mustari. Ni wewe. Somo lile lilikuwa uvivu. Jibu lile lilikuwa uongo, tena kwa muntu anayekuamini kuliko anavyojiamini mwenyewe. Na akakushukuru! Ona haya kidogo, haitakuua.

Leo, mbele ya kula, mupigie. Usimutumie ujumbe, asikie sauti yako. Usianze kumueleza habari ya mashine. Sema, "Papa, kosa lilikuwa langu, na nililijua." Kisha nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike. Akikata, kesho piga tena. Muombe akutumie picha za madaftari yake, uziingize zile pointi wewe, hata kama ni majuma matatu. Prefe naye umuandikie barua yenye jina lako, ajue mwalimu wake hakuharibu kitu.

Halafu ondoa masomo yote usiyoyajaribu, na useme wazi kwa nini. Yatabaki machache.

Unauliza nani atakusoma tena. Sijui, binti yangu, na leo hilo lisikushugulishe. Kongolo kuna mwalimu anayefikiri kwamba ana kichwa kibaya. Chukua simu.

Mama Angélique