Mfalme Atavua Koti Mwenyewe

Mimi ndiye mfalme, Baba Furaha! Mimi mke wako, niliyekaa nyuma ya pazia miaka yote na pini mdomoni, nimepewa nafasi yako kwenye mchezo wetu! Haya, ngoja nivute pumzi nikusalimie. Habari za huko, mume wangu? Sisi huku Johannesburg tu wazima. Nimenenepa kidogo, na inanipendeza.

Ni kazi ya binti yako. Furaha wako sasa anafundisha watu kuigiza, na mji huu wote hakuna wa kumfikia. Sisemi hivyo kwa sababu nimemzaa. Sawa, na hiyo pia imo. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu Kizulu. Siku moja akaniambia anautaka ule mchezo tuliozunguka nao vijiji vya Kivu wakati wa vita. Nikamwambia, mwanangu, haukuandikwa popote. Si ulikuwa ukitukemea: "Karatasi ikikutwa kwenye kizuizi cha barabarani, tumekwisha. Kila mtu abebe maneno yake kichwani."

Basi akawatafuta wenye vichwa. Safari, ambaye sasa ni mlinzi Randburg, akaja na maneno ya askari wa mfalme, hakuna hata moja lililopotea. Mama Aline anasuka nywele Soweto. Akauimba wimbo wa kisimani huku akinimalizia chapati. Mchezo ukasimama tena chumbani kwangu, juu ya duka la vitambaa, kati ya kitanda na cherehani. Tulipofika mwisho, vita vikaanza upya.

Safari anasema mfalme anashinda, anabaki kwenye kiti chake. Mama Aline anasema hapana, mfalme anapinduliwa, yeye mwenyewe alimburuta kwa miguu. "Wewe Safari ulikuwa umelala!" Furaha ananitazama, machozi yanamlengalenga. Onyesho limeshatangazwa kanisani, na mchezo hauna mwisho.

Eish, nikacheka. Wote wawili wanasema kweli! Si ulikuwa unachungulia kwanza kuona nani amekaa mbele na bunduki? Wakiwa wa serikali, mfalme anabaki. Wakiwa waasi, mfalme chini. Ndivyo ulivyotuvusha sote tisa tukiwa hai. Wewe uliona aibu kwa hilo mpaka unakufa. Mimi sikuiona hata siku moja, na nilikuwa nikikwambia, lakini wewe kusikia...

Mwisho wako mwenyewe ulinionyesha mimi tu, siku ulipokuwa ukijaribu lile koti nililokata kwenye pazia la misheni. Mfalme anasikia watu wake wana kiu. Hakuna anayemlazimisha. Anavua koti, analitundika msumarini, anachukua ndoo, anakwenda kisimani kupanga foleni kama wenzake. Basi. Ukasema, "Huu tutaucheza siku mbele yetu watakapokaa watoto tu." Siku hiyo hatukuipata. Ulifika huku kifua kimeshachoka, hukupanda tena jukwaani.

Nikasimama, nikawaonyesha. Kila hatua, hata kile kikohozi chako kidogo kabla ya kushika ndoo. Safari, mwanaume mzima na sare yake ya ulinzi, akalia. Na Furaha akasema kwa Kiswahili, Kiswahili chenyewe, "Mama, wewe ndiye mfalme."

Koti nimeliongeza kiunoni, vidole vinne. Usicheke. Ndoo ni yangu ya kufulia, nimeisugua mpaka inang'aa.

Kwaheri, mume wangu, lala vizuri, mimi nina mazoezi. Nakuahidi jambo moja: sitachungulia. Nitavua koti lako polepole, watu wote walione. Viti vya mbele nimeshavigawa, ni vya watoto, na mkubwa atakayekaa hapo nitamwinua mwenyewe. Safari ameomba ruhusa kazini, Mama Aline anafunga saluni. Ni Jumapili hii, saa nane, ibada ikishatoka.