Pumzi Kabla ya "Dhambi za Dunia"

Baba,

Nina swali, na wewe umeniachia kazi ya kulijibu mwenyewe. Kwa nini kwenye wimbo wako wa Mwanakondoo wa Mungu kwaya nzima ilipumua baada ya "uondoaye", kabla ya "dhambi za dunia"? Hata mtoto wa Komunyo ya Kwanza anajua hapo hapapumuliwi. Lakini uliweka alama kwa kalamu nyekundu, na ole wake aliyeipita. "Pumua!" ulikuwa unafoka, mpaka kuku wa soko la Otonglo wanaruka.

Tangu tukuzike, kwaya naiongoza mimi. Nilienda semina ya walimu wa kwaya nikarudi nimevimba kichwa, nikanakili nota zako upya bila ile alama. Nilijiambia, Baba alikuwa na kipaji, ila hakusomea. Nisamehe. Wimbo ukanyooka, watu wakanisifu. Jumapili ya pili Mama akanyamaza katikati ya wimbo. Ya tatu akaketi na waumini. Nilipomfuata nyumbani Migosi, alinirudishia sare ya kwaya, ameipiga pasi. "Nimezeeka, nyathina, mwanangu. Wimbo umenikimbia."

Nilidhani ni majonzi. Lakini mbona wimbo huo tu? Akipika anaimba nyingine zote, taratibu, bila shida. Jambo hilo lilininyima raha. Niliuliza sauti ya kwanza, nikauliza mpiga kinanda, hakuna aliyejua. Mwishowe nikamuuliza Mzee Okelo, mwenzako wa besi, akacheka mpaka akafuta macho.

"Unadhani baba yako alikuwa hajui? Hiyo pumzi ni ya mama yako. Kifua yake inambana hapo. Angepumua peke yake watu wangesikia, sasa baba yako akafanya sisi wote tupumue."

Kifua cha Mama nakijua tangu utotoni. Sikuwahi kukitafuta kwenye nota.

"Na Mama anajua?"

"Hajui. Yeye anajua tu wimbo iko hivyo."

Nililia pale pale, Baba, na nilikukasirikia. Miaka yote hiyo hukuninong'oneza hata mimi! Ungesema neno moja tu, nisingemtoa mama yangu kwenye kwaya kwa mkono wangu mwenyewe.

Alama nimeirudisha. Nilimpelekea Mama sare yake, nikamwambia nilikosea kunakili, jambo ambalo ni kweli. Jumapili iliyopita aliimba mpaka mwisho. Baada ya Misa akanishika mkono, uso umemng'aa: "Unaona? Baba yako alijua kutunga. Wimbo wake hauchoshi mtu."

Nilitamani kumwambia. Maneno yalishafika ulimini. Nikasema tu, "Kweli, Mama."

Pumzika, Baba. Wanakwaya wapya nitawafundisha kupumua pale pale, na atakayeuliza sababu nitamfokea kama wewe. Na Mama, nakuahidi, hatajua kutoka kwangu.

Binti yako,
Akinyi