Sisimizi Hawajui Chira

Kwako Mama, uliyenizalia mume na mimi pia ukanilea,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, Kisumu. Usishtuke huko ulikolala, si mimi ninayeumwa leo. Nimemleta mtu, nitakwambia ni nani. Kwanza nataka kukushukuru, maana ulipokuwa hai hukukubali. Ningeanza tu, ungenikata: "Wacha maneno, Nyar Maseno, sufuria inaungua." Jina hilo, binti wa Maseno, ulinipa siku nilipoolewa nikitoka huko, na mpaka sasa pale Kisian hakuna anayeniita lingine.

Unakumbuka mwaka ule nilipokonda? Mimi niliyekuwa na mwili wangu mzuri, sketi zikaanza kuniteleza sokoni watu wakiona. Na kiu! Nikimaliza kikombe cha maji nachota kingine, koo bado kavu. Uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano, macho yanaona ukungu mchana kweupe, nami nikamlaumu aliyeniuzia sindano. Nikajidunga kidole nikishona sare za shule, kidonda kikakaa tu, hakitaki kupona.

Shangazi zetu, dada za baba mkwe, walikuwa na jibu tayari. Chira. Msimu ule mvua ilikukuta Port Victoria matangani, nami nikapanda maharagwe kabla yako. Kwetu mke wa mtoto hapandi kabla mama wa boma hajatia mbegu yake, na anayevunja mwiko hukonda mpaka afe. Ndivyo tunavyoambiwa. Wakasema hospitali isubiri, kwanza aje mzee wa manyasi, yule wa dawa za kuondoa mwiko, naye alikuwa safarini. Na kwa kuwa walinipenda, wakaniletea soda na mikebe ya glukosi nipate nguvu ya kungoja. Kila mgeni na mkebe wake! Nakoroga, nakunywa, kiu inazidi. Nilikuwa nakufa, Mama, na mume wangu hakuthubutu kuwapinga shangazi zake.

Wewe uliendelea na kazi zako tu. Nikadhani hata wewe umenikasirikia. Kumbe ulikuwa unaangalia. Asubuhi moja ukifagia nyuma ya nyumba, pale nilipokuwa namwaga beseni la usiku, ukainama ukakaa hapo kitambo. Kisha ukaniita kwa sauti kali.

"Nyar Maseno, usiku unaamka mara ngapi kukojoa?"

Ai, nilivyoona aibu! Mama mkwe kuniuliza hivyo. "Mara nyingi, Mama. Hata sihesabu."

"Tangu lini?"

"Tangu tupalilie."

Ukanionyesha sisimizi, wamejaa pale chini. "Dada yangu alianza hivi hivi. Maji, kukojoa, kukonda, hawa wadudu. Tulimngojea mtu wa manyasi mpaka tukamzika."

Shangazi mkubwa akatoka jikoni mikono ina unga. "Lakini huyu alipanda kabla yako!"

"Shamba ni langu, na mimi nimesamehe. Sisimizi hawajui chira. Wamefuata sukari ya mkojo wake."

Ukaikusanya mikebe yote ya glukosi ukaifungia kwenye sanduku lako la nguo, ukavaa leso safi, ukanishika mkono. Daktari aliponipima hakukaa kitini tena. Alikwambia, "Mama, umemleta kwa wakati. Angechelewa kidogo tu, angepoteza fahamu." Hukulia mpaka siku niliporuhusiwa kutoka wodini. Ukaninunulia hindi la kuchoma huku unapangusa machozi, halafu ukasimama ghafla na kumuuliza muuzaji, maskini wa watu, "Na hili, mwenye sukari anaruhusiwa?"

Kuanzia hapo ukala ninachokula mimi. Ugali kidogo, mboga ya osuga nyingi, samaki wa kuchemsha. Chai bila sukari uliitukana kila asubuhi, "inakaa maji ya kuoshea vyombo," na kila asubuhi ukamaliza kikombe. Uliinywa hivyo mpaka homa ya mapafu ilipokuchukua. Sikuwahi kukwambia maana ya kikombe kile kwangu. Nilijua siumwi peke yangu. Leo uzi unaingia kwenye sindano, sketi zinanikaa, jioni nakagua miguu yangu kama ulivyonifundisha.

Sasa sikia ya leo asubuhi. Mvua imenyesha, na safari hii mimi ndiye mama wa boma. Shangazi mkubwa mwenyewe ndiye aliyenipa mbegu mkononi, akasema, "Anza." Nikatia ya kwanza. Nyuma yangu alikuwa mke wa mwanao Otieno, yule mdogo uliyempenda kwa vichekesho vyake. Akaweka jembe akanywa maji kwenye jerikeni. Akalima kidogo, akarudi kunywa. Akarudi tena, anacheka, "Jua kali leo." Mama, hapakuwa na jua. Mawingu matupu.

Nikaacha mbegu. "Mke wa Otieno, usiku unaamka mara ngapi kukojoa?"

Akainamisha uso kwa aibu. Kabla hajajibu, nikasikia nyuma yangu jembe la shangazi limeanguka. "Mwacheni aoge," akasema, "mimi natafuta viatu vyangu."

Ndio hao wanatoka sasa kwa daktari. Shangazi amemshika mkono vile ulivyonishika mimi. Sukari imeanza kupanda, ila tumewahi, hata sindano za insulini kama zangu hahitaji kwa sasa. Mgonjwa wetu anacheka.

Lala, Mama. Nusu ya shamba lako haijapandwa, na itangoja mpaka turudi.

Mkaza mwanao anayeishi,
Nyar Maseno