Gari Lenye Jicho na Macho ya Mama Mkwe

Jumapili, 6 Septemba 1998. Geita

Nimefuta jicho la gari tena. Asubuhi nafuta, jioni nafuta. Ni kioo cheusi kwenye bampa la mbele, ukubwa wa kiberiti. Kazi yake ni kupima umbali wa kilicho mbele yetu. Kikiona kitu, gari linalia, mwanamke wa kwenye dashibodi anasema sentensi yake ya Kijapani, na mwendo unapungua wenyewe bila mimi kukanyaga chochote.

Huko Japani labda. Hapa kinaona vumbi kinadhani ni ukuta. Leo mbuzi amepita mbele kabisa, gari kimya. Tumefika kanisani, kikaona moshi wa mama anayechoma mahindi, basi kelele mpaka waumini wakageuka. Yule mwanamke naye akaanza kuhutubia. Nikashuka nikajifanya nakagua tairi.

Mama Limi, mke wangu, hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

Jumatatu, 7 Septemba

Nimekwenda dukani kwa Bwana Kanji, aliyeniuzia gari. Anauza vipuri pale pale alipouzia baba yake. Akafungua boneti, akaangalia kidogo, akafunga.

"Bwana Maganga, mimi iliuza gari, si barabara. Hii jicho yataka barabara safi. Toa waya moja, endesha kama gari ya kawaida."

Akanikumbusha na habari ya breki: ukikanyaga kwa nguvu kwenye changarawe, pedeli inapiga mguu kutoka chini. Usiogope, usiachie, ndivyo inavyofanya kazi. Nikasema nimeelewa.

Kuhusu waya nikamwambia nitafikiri. Sitafikiri. Kule Nyarugusu madalali wenzangu wananiita Mzee wa Jicho. Nimewapakia wachimbaji wametoka duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, na tope lao, ili waone nilivyokunja miguu na gari linashika mwendo lenyewe. Nikitoa waya, nabaki na gari jeupe kama la mtu mwingine yeyote. Najua huu ni utoto. Nina mvi.

Jumatano, 9 Septemba

Habari kutoka Shinyanga: madaktari wa macho wanakuja hospitali Jumatatu, wiki moja tu, kisha wanaondoka. Mwaka jana hawakufika. Mama mzazi wa mke wangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Sasa anatofautisha mchana na usiku, basi. Akikosa safari hii, sijui.

Mama Limi alitaka mama yake aende kwa basi. Nikapandisha sauti. Apande basi na mkwe wake ana gari? Watu watasemaje? Akaniuliza swali moja: atakaa wapi ndani ya hilo gari?

Nikanywea. Kwetu mkwe ni mkwe. Tangu nioe sijamwangalia mama mkwe usoni, sijamgusa, sijazungumza naye ila kwa kupitia mtu. Jina lake silitamki, na hata hapa siliandiki. Nikienda kwao nakohoa tangu zizini, yeye anaingia ndani au anajifunika khanga na kugeukia ukutani. Hivyo ndivyo tunavyoheshimiana, na imetutosha.

Mara ya mwisho nilisahau kukohoa. Nilimkuta anachambua choroko uani, uso wazi, ameelekea kwangu kabisa. Hakujua kama kuna mtu. Nikavua viatu nikapita kwa kunyata nimevishika mkononi. Nilijiona kama mwizi. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, 12 Septemba

Mama Limi katangulia kwa basi kwenda kushika nafasi ya mama yake kwenye foleni. Kabla hajaondoka alifunga khanga kati ya viti vya mbele na vya nyuma, pembe mbili juu, mbili chini, ikawa pazia. Mama atakaa nyuma na Shija, mdogo wake mke wangu, mtu mzima mwenye familia yake. Mimi mbele peke yangu. Nikiangalia kioo cha nyuma naona maua ya khanga tu. Wazo zuri. Lilikuwa lake, si langu.

Akaniambia: "Uende polepole, Baba Limi. Na hilo jicho lako ulizime."

Nikasema sawa. Kitufe cha kulizima kipo. Sijakigusa.

Jumatatu, 14 Septemba. Shinyanga

Ajali. Mama mkwe yuko hai. Shija amevunjika mfupa wa bega. Mimi sina hata mchubuko, na hilo nalo ni aibu.

Jumanne, 15 Septemba

Niandike, maana nisipoandika leo nitaanza kuamini uongo wangu mwenyewe.

Tulilala kwao mama mkwe, kabla ya kufika Kahama. Alfajiri Shija akamwongoza mama mpaka kwenye gari, kajifunika khanga, mimi nimesimama ng'ambo nikiangalia miti. Tukaondoka vizuri. Nyuma ya pazia wanaongea Kisukuma kwa sauti ya chini, mbele mimi naendesha kwa adabu. Mpaka Kahama nilikuwa mtu safi.

Karibu na Isaka malori ya makontena yakazidi, na vumbi lake. Shija akaniuliza kama ni kweli hili gari linajiendesha. Hakuuliza kwa ubaya. Nikabonyeza kitufe cha kushika mwendo, nikakunja miguu, nikasema kwa sauti:

"Tazama, shemeji. Sikanyagi kitu!"

Shija akachungulia pembeni ya pazia, akaguna, akacheka. Hapa ndipo panaponiuma. Sikuwa nasema na Shija. Nilikuwa namringia mama mkwe, mtu ambaye siruhusiwi kusema naye na ambaye hawezi kuona. Nilitaka asikie kwamba binti yake kaolewa na mtu.

Baada ya hapo Shija akalala. Mimi miguu juu. Gari kimya kabisa, halilii, yule mwanamke hasemi. Nikafurahi kwamba leo jicho limetulia. Nilikuwa sijalifuta tangu Kahama. Lilikuwa limezibwa na vumbi, halioni kitu chochote, na mimi ukimya wake nikaufanya ndio usalama.

Vumbi likapasuka na milango ya kontena ikawa hii hapa. Lori lilikuwa linatambaa kuvuka kalavati lililoliwa na mvua. Nikashusha mguu, nikakanyaga breki. Pedeli ikanipiga kutoka chini kama mtu anayesukuma mlango nisiingie. Kanji aliniambia. Aliniambia nisiachie. Niliachia. Nikakata usukani, tukaingia mtaroni, gari likalala ubavu.

Milango ya gari hili hujifunga yenyewe likishika mwendo. Ikakataa kufunguka. Vioo vya umeme vikafa. Mwanamke wa dashibodi tu ndiye mzima, anarudia sentensi ileile kwa sauti ya upole. Petroli inanuka. Nilitokea mbele, kioo kilipopasuka, nikachukua jiwe nikavunja kioo cha nyuma. Shija analia, mkono hauinuki. Pazia limekatika, limemfunika mama mkwe mzima mzima.

Nikaingia nusu. Nikamshika mama mkwe wangu makwapani.

"Usinitazame, baba," akasema.

"Sitazami, mama."

Miaka yote hiyo, na hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza. Nilimvuta nimefumba macho. Khanga ya kichwani ikabaki ndani. Ni mwepesi. Sikujua kama amekuwa mwepesi hivyo. Nje nilifumbua mara moja, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na damu na sikujua ni ya nani. Ilikuwa yake, juu ya jicho la kulia. Nikavua shati nikamfunika kichwa, nikamgeuzia mgongo.

Dereva wa lori akaja mbio na watu wa karibu, wakamtoa Shija. Wakauliza imekuwaje. Nikasema: ng'ombe kakatiza.

Mtu mmoja akauliza ng'ombe wa nani. Nikasema sijui. Akauliza wa rangi gani. Nikasema mweupe.

Mweupe!

Jumatano, 16 Septemba

Dereva yule wa lori ndiye aliyewaleta hospitali, kawapakia mbele pamoja naye. Mimi nilikaa juu ya mzigo. Nilistahili.

Daktari kamwangalia mama mkwe. Jicho la kulia limevimba, hawezi kuligusa safari hii. La kushoto watalipasua kesho. La kulia lisubiri mpaka waje tena, na hakuna anayejua ni lini. Mama Limi aliyeshika foleni tangu Jumamosi, amelala kwenye sakafu ya veranda kwa ajili ya macho mawili, kapewa moja.

Hajanigombeza. Anamsimulia kila mtu habari ya ng'ombe. Wauguzi, dada yake, wagonjwa wa kitanda cha pili. Kila akisimulia ng'ombe anaongezeka ukubwa. Mimi nipo mlangoni, nasikia.

Shija hawezi kunikanusha, alikuwa amelala. Aliyekuwa macho ni mmoja tu, naye alisikia kila neno. Tazama, sikanyagi kitu.

Jioni Mama Limi akamuuliza mama yake, mimi nimesimama nje ya dirisha ambapo siwezi kuonekana. Akamuuliza huyo ng'ombe alitokea upande gani.

Mama mkwe akageuka, kitanda kikalia.

"Mimi sioni, mwanangu," akasema. "Muulize mwenye macho."

Niliondoka pale dirishani. Nimekaa kwenye benchi la nje mpaka walipofunga geti.

Ijumaa, 18 Septemba

Jana wamempasua jicho la kushoto. Wanasema imekwenda vizuri. Limefungwa pamba na plasta, asikohoe, asiiname.

Leo nimemwambia Mama Limi. Alikuwa anafua ile khanga ya pazia kwenye bomba la hospitali, damu haitaki kutoka. Nimesema yote: jicho sikulizima, miguu nilikunja, ng'ombe hayupo. Nimesema nilikuwa namringia mama yake. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko mengine yote.

Akaendelea kufua. Akakamua, akaanika kwenye ua, akanyoosha pembe moja moja. Nilitamani anitukane.

"Nenda ukamwambie na Shija," akasema.

Nimekwenda. Shija alinisikiliza, akaangalia bega lake, akaniambia nimletee maji. Nikaleta. Ndiyo hayo tu.

Jumatatu, 21 Septemba. Geita

Gari limekokotwa, liko uani kwa Kanji. Kila fundi wake akiunganisha betri, yule mwanamke anaanza sentensi yake palepale alipoishia. Kanji ameniuliza kama nataka kujua maana yake, ana ndugu anayefanya biashara na Wajapani, atamuuliza. Nimesema hapana. Nimemwambia akate waya wa jicho, na wa mwanamke, na wa milango. Akate yote.

Hakuniambia kwamba aliniambia. Muungwana.

Kule Nyarugusu nimepita kwa miguu. Mmoja akaita, Mzee wa Jicho! Wenzake wakamkonyeza anyamaze. Wamekwisha kusikia. Kwa nini nilidhani hawatasikia?

Alhamisi, 24 Septemba

Mjomba wa Mama Limi katuma neno. Kwa kuwa nimemgusa mama mkwe na kumwona kichwa wazi, nipeleke mbuzi, wazee wayamalize. Sawa. Ningepeleka na ng'ombe, mweupe, kama wangetaka.

Kinachonikosesha raha si mbuzi. Ni kwamba sijui tumebaki nani kwa nani. Mtu aliyeshikwa makwapani na mkwe wake, akamsemesha, akamtunzia uongo wake asimwaibishe kwa mkewe. Je, bado atajificha kwangu? Asipojificha, basi mimi si mkwe tena. Ni dereva aliyemwangusha.

Jumamosi, 3 Oktoba. Kijijini kwao mama

Nimekuja kwa basi, kisha kwa miguu, mbuzi kwenye kamba. Plasta ilitolewa juzi. Mama Limi yuko huku tangu watoke hospitali, na alituma neno kwamba jicho la kushoto linaona, lakini hakusema mpaka wapi.

Nilifika zizini jua likiwa limepanda. Nikavuta pumzi nikohoe.

Sikuwahi. Uani, mbali, mtu alikuwa ameinama kwenye ungo. Akainua kichwa. Akatazama njia, akanitazama mimi na mbuzi wangu, akatuona. Kisha akainuka taratibu, akavuta khanga kutoka begani mpaka usoni, akageukia ukutani.

Nikageuka na mimi, nikaangalia miti. Mbuzi anavuta kamba, sikumjali. Tulisimama hivyo, yeye na ukuta, mimi na miti, mpaka Mama Limi alipotoka kumwongoza ndani, naye akakataa kuongozwa.

Mlango ulipofungwa ndipo nilipokohoa.