Maua Meupe ya Kaburini kwa Baba

Guangzhou,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naamini umeamka salama na ng'ombe naye ameamka salama, maana ukiulizwa hali yako huwa unaanza na ya ng'ombe. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia. Dada Aikande, msomee mama taratibu, na mkae ndani, msisomee kule kaburini.

Chuo kimetupeleka kwenye mafunzo ya vitendo. Nilidhani ni maabara, kumbe ni kung'oa magugu kando ya barabara kuu iendayo uwanja wa ndege. Basi mwanao msomi anapanda nyuma ya lori na kina mama wa Kichina, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa, gunia mkononi. Usinicheke. Mkubwa wetu tunamwita Ayi Huang, ayi ni kama kusema mama mdogo. Ni mfupi, mkali, na haamini kabisa kwamba nilishawahi kushika jembe.

Kuna kipande kimoja nyuma ya maghala sikipendi. Mmea utambaao umefunika miti yote pale, nguzo, hata kibanda cha kusubiria basi, mpaka yamebaki maumbo tu. Ukiyatazama ni kama watu waliojifunika shuka wakasimama wanakusubiri. Juu yetu magari yanapita bila kukatika, lakini ukishuka chini ya tuta husikii ndege wala panzi. Kina mama wanaopiga soga njia nzima, wakifika pale wanajifunga vitambaa mdomoni.

Chini ya maumbo hayo ndipo lilipo gugu tulilofuata. Limenifika kiunoni, majani kama ya karoti, vichwa vya maua vyeupe vidogo kama vishikizo vya shati la mtoto. Nilisema ni zuri. Ayi Huang akanigeukia, mdomo ameuziba kwa kitambaa.

"Likiwa na maua, funga mdomo," akasema. "Linaingia kifuani, halitoki."

Akaniuliza kama na kwetu lipo. Nikamjibu, "Meiyou," yaani halipo. Nilijibu haraka, bila kufikiri.

Tukaling'oa lote siku ile. Baada ya mwezi tukarudi, na pale pale nilipong'oa kwa mikono yangu limesimama tena, limechanua. Ardhi chini yake tupu, hata majani ya kawaida hayaoti. Mama, ilikuwa saa sita mchana, jua kali, nami nikarudi nyuma. Nilihisi linanijua.

Wiki hiyo hiyo Mama Happy, jirani yetu anayekuja huku kununua nguo, alinipigia nikamwone Shisanhang, kwenye soko la nguo. Nilimkuta amekalia robota anagombana na mwenye duka, laoban kama wanavyoitwa huku. "Laoban, bei gani hiyo? Mimi natoka Moshi, usinifanye mtoto!" Aliponiona ugomvi ukaisha, akanipa bahasha yenu.

"Mama yako hajambo," akasema, "ila kifua kinambana, na vidole vimechubuka mpaka hawezi kukamua. Halafu maziwa yenyewe siku hizi machungu. Wanasema ni uzee."

"Uzee wa ng'ombe au wa mama?" nikamuuliza. Akacheka. Mimi nilikuwa nimeshatoa picha kwenye bahasha.

Umesimama kaburini kwa baba, mikono umeifunga ndani ya kanga. Msalaba unaonekana nusu tu. Pande zote, mpaka kwenye migomba, maua meupe. Nyuma ya picha Aikande ameandika: "Baba anazidi kuchanua kwa ajili yako." Na mimea ya masale tuliyozungushia kaburi yote yamegeuka manjano.

Sikungoja. Nilirudi kule nyuma ya maghala nikachuma tawi moja, nikaliweka juu ya picha. Jani kwa jani, ua kwa ua. Lilikuwa limesimama huku na huko kwa wakati mmoja, na mimi katikati.

Sasa nisikilize mama, maana hili nililificha. Mlinisubiri siku tano, mkamzika. Nilipotua KIA baba alikuwa ameshalala ardhini, na sikuwa na shada wala ua. Mimi kitindamimba, niliyepaswa kubaki kukitunza kihamba, shamba letu la ukoo, niliyeondoka baba akiwa haniongeleshi. Nilimsimamisha dereva njiani kabla ya kufika mji wa Boma. Kando ya lami palikuwa na maua meupe mengi, hayana mwenyewe. Nikakumbatia mzigo mzima, nikaja nikaulaza juu ya kaburi lake. Mbegu zilidondoka pale.

Mvua ziliponyesha, kaburi likachanua, na ukoo wote ukasema mzee amemsamehe mtoto. Uliniandikia kwa mkono wa Aikande, ukiwa umelia kwa furaha. Nami niliamini, mama. Niliishi kwa maneno yale hapa ugenini, kila nilipoona vibaya niliyasoma tena. Kumbe hakuna aliyechanua. Ni gugu la barabarani, na nililileta mwenyewe.

Kifua chako ni hilo. Vidole ni hilo. Ng'ombe analila, ndiyo maana maziwa ni machungu. Najua hutaki mtu aliguse, Aikande ameniambia ulivyomfukuza baba mdogo na panga lake. Nakusihi, ling'oeni. Wewe usisogee kabisa. Mama Happy amebeba glavu na vitambaa vya mdomo nilivyonunua. Ngojeni ardhi iwe na unyevu, mlivute na mzizi wake, msilikate, litachipua. Yaliyochanua yafunikwe na gunia kwanza, ndipo yang'olewe, mbegu zisimwagike, kisha yachomwe mbali na nyumba, na mtu asikae upande wa moshi. Msilifanye fagio. Viatu vikung'utwe hapo hapo. Na baada ya wiki mbili rudini mtazame tena, na tena, maana mbegu zinalala ardhini zikisubiri. Halafu tazameni kando ya njia mpaka kanisani. Likianza pale halitaishia pale.

Nisalimie baba mdogo Elinami, mwambie alikuwa sahihi na panga lake, ila sasa atumie mikono yenye glavu. Nisalimie shangazi aliyenipikia uji siku zile nilipokuwa siongei. Mama Happy ashukuriwe sana kwa kubeba barua hii. Aikande, usilie, endelea kusoma.

Mama, mkishamaliza, chukua sale moja bichi kutoka kule mpakani, lifunge fundo kama mtu anavyokwenda kuomba radhi, ulipande kichwani kwa baba. Useme ni langu. Useme yale maua hayakuwa jibu lake, na mimi bado sijamwomba, ndiyo kwanza naomba leo. Ardhi ile imeharibika, huenda lisishike. Likishika, niandikie. Lisiposhika, niandikie vilevile.

Mwanao,
Elifuraha