Mchunga wa Mpakani

Dada yangu Mwanaidi,

Sikuletei habari njema. Tangu tulipokuzika, mwanao Bakari ameacha kazi zake za Chumbageni na kuhamia nyumbani kwako hapa Mkwaja. Amekuja na majivuno ya mjini na bomba la kupulizia dawa ya magugu.

Unaukumbuka uwanja wako. Katikati, matuta ya mchicha na bamia. Pembeni, mboga za mchunga na mlenda ulizozitoa porini pamoja na udongo wake, ukazipakata katika upindo wa kanga kama mtoto mchanga. Mvua ilipochelewa, tulikula vya pembeni. Wala hukumruhusu mtu kung'oa. "Shina ndilo mama, kaka. Chuma wanawe, mama mwache."

Bakari alizitazama pembe hizo akacheka. "Mjomba, kumbe mama alikuwa anafuga pori?" Akapulizia dawa upande wote wa kisimani, akapanda mboga ya chainizi kwa kamba, mistari imenyooka kama gwaride. Nilimwonya kuhusu jua la hapa. Akanijibu, "Subiri tu, mjomba, utakuja kuomba mboga."

Nilisubiri. Sikuomba. Chainizi ilinyauka, na iliyosalia hata mbuzi wa jirani aliinusa akapita.

Sasa sikia upumbavu wenyewe. Juzi mkewe, Zuhura, alirudi kutoka gengeni na fungu la mchunga. Akauchemsha, akamwaga maji ya uchungu, akautia tui. Bwana mkubwa akala, akalamba vidole, akaniita nionje. Amenunua alichokiua! Nilimwuliza kama anajua mboga hiyo hutoka wapi.

"Gengeni," akasema.

Dada, huyo ndiye uliyemlea.

Umesalia mchunga wa mpakani tu, kati ya jiko lako na ukuta wangu. Ameapa kwamba Ijumaa, baada ya sala, ataupulizia nao, apate pa kuegesha pikipiki. Pikipiki!

Leo asubuhi nimeanza kuhamishia mashina kwangu, na udongo wake. Sina kanga, nikatumia kanzu yangu nyeupe. Zuhura alinicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaja, bila kuambiwa, akanishikia upindo wa pili.

Hatukuyamaliza. Kwa hiyo nakuahidi: Ijumaa nitatandika mkeka juu ya mpaka huo na kukaa. Akitaka kuupulizia, na aanze na mjomba wake.

Pumzika, Mwanaidi. Mama hang'olewi.

Kaka yako,
Shekue